Waliokwenda Kariakoo: Habari za Makaburi Yasiyojulikana



Katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka kurasa nyingi ni za hesabu, na katika hesabu hizo fungu kubwa ni gharama za kusafirisha maiti kutoka Nairobi hadi Nyanza. Sijapata kusikia mwanachama akizinung'unikia fedha hizo. Mjaluo aweza kukaa mjini miaka 40, lakini asipozikwa katika boma lake, ukoo huhesabu kwamba bado yu safarini. Kwa hiyo yatupasa kuuliza pia habari za wale waliotoka nyumbani kabla ya vyama vya namna hii kuwako, wakafa mbali, wala hapana aliyewarudisha. Katika nyumba nyingi yuko babu, au baba yake babu, ambaye habari zake zote ni maneno mawili tu: alikwenda Kariakoo.

Neno hilo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, jina la kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina yao humo. Hapo kwanza wachukuzi walikuwa wachache, na baadhi yao walikwenda kwa hiari. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwalazimisha watu, na mwaka 1917 kazi ya kukusanya wachukuzi ikawekwa mikononi mwa Bwana John Ainsworth, ambaye wazee wa Kisumu walimjua sana kwa kuwa alikuwa Mkuu wa Jimbo la Nyanza tangu 1907. Katika muda wa miezi michache watu zaidi ya 100,000 wakachukuliwa. Machifu waliagizwa idadi, na idadi ilipatikana.

Watu wetu walipanda gari la moshi Kisumu, wakaandikishwa Nairobi, kisha wengine wakapelekwa Voi, Maktau na Taveta, na wengine wakapakiwa merikebuni Mombasa kwenda Kilwa na Lindi. Kutoka huko waliwafuata Wajerumani kwa miguu, mizigo kichwani, hadi ndani ya nchi ya Msumbiji. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Waliowamaliza wengine ni kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, pamoja na unga uliosagwa vibaya na kupikwa nusu, maana mtu aliyechoka kwa mwendo wa kutwa hangojei sufuria ichemke barabara. Wanahistoria hukisia kwamba wachukuzi wa upande wa Waingereza waliokufa ni karibu 95,000, na katika hao waliotoka Kenya ni zaidi ya 40,000.

Makaburi yao yako wapi? Ukienda Voi au Taveta utaona makaburi ya vita yaliyotunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, na mawe yana majina. Ni vema yatunzwe. Lakini mchukuzi hutamwona hapo kwa jina lake. Wengi walizikwa kando ya njia, au katika viwanja vikubwa karibu na kambi na hospitali. Baada ya vita serikali ya Tanganyika ilishauri kwamba viwanja hivyo viachwe vimezwe na msitu upesi, kwa kuwa gharama ya kuviweka alama ilikuwa kubwa. Wakubwa wengine waliandika kwamba Mwafrika hana habari na kaburi la mfu wake. Mtu aliyeandika maneno hayo hakuwahi kukaa matangani katika kijiji cha Nyanza.

Mjini Nairobi zipo sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa katika miaka ya 1920, katika njia iitwayo leo Kenyatta Avenue, na mmojawapo wa wale watatu ni mchukuzi. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa. Jina lenyewe halikuandikwa hata moja.

Mwezi wa Aprili 2021, Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri jambo hili. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni. Radhi hiyo ni haki, ingawa ilikuja baada ya wajane wote kwisha kufa. Mwanamke aliyeachwa bomani mwaka 1917 hakupewa maiti, wala barua, na mara nyingi wala mshahara wa marehemu. Alikaa bila kujua kama ni mke au mjane.

Basi mtu atafutaye aanzie wapi? Mimi nasema asianzie Lindi. Kaburi lisilo na alama kwa miaka zaidi ya mia halionekani kwa macho, na yeyote ajaye kwenu akitaka nauli ili akalionyeshe, mfungieni mlango. Aanzie kwa wazee, kisha aende Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue, ambako ziko taarifa za wilaya za miaka ile. Lakini asiende na jina moja. Ochieng ni kila mtoto wa kiume aliyezaliwa jua likiwaka, na karani mgeni aliweza kuliandika Ochen, Uchieng au Acheng. Lazima awe na jina la baba, la ukoo, la chifu aliyemtoa na la mahali. Hata majina ya wenzake waliotoka pamoja yafaa, kwa maana watu wa kijiji kimoja mara nyingi waliandikishwa siku moja.

Wazee wengine wamesema katika mkutano kwamba taabu yote hii ni bure, kwa kuwa desturi imetupa njia: maiti isipopatikana, huzikwa tunda la yago mahali pake, na matanga hukaliwa. Ni kweli, na familia iliyotimiza hivyo imetimiza. Hata hivyo yago huzikwa kwa ajili ya mtu fulani, na kuna nyumba ambazo leo hazijui tena kama aliyekwenda alikuwa Onyango au ndugu yake. Wajukuu waliosimuliwa habari hizi na bibi zao sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Mwaka huu peke yake tumewazika watatu.

Daftari limefunguliwa katika afisi ya chama. Lina nafasi ya jina la marehemu, baba yake, ukoo, chifu, mwaka alioondoka, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na jina la anayetoa habari. Mzee asiyeweza kufika mjini amtume mjukuu, au aniite, nami nitakwenda kwake siku ya Jumapili na kalamu.