Kistari na Koma Kwa Vipimo vya Kizungu: Alama Ndogo, Hasara Kubwa

Soma hii: “twenty two litre bottles.” Hizo ni chupa ngapi?

Mimi niliiandika hivyo kwa oda ya juisi ya harusi. Nilimaanisha chupa 20 za lita mbili, yaani lita 40. Msee wa kuleta akasoma chupa 22 za lita moja. Wageni wengi walikunywa maji, na doh yangu ikakatwa. Kistari kimoja tu kingeniokoa manze. Cheki venye inaenda:

Kipimo kikikaa mbele ya kitu, weka kistari na usiweke wingi: “a six-foot ladder”, “a 20-litre jerrican”. Kikija baada ya kitu, kistari kinatoka na wingi unarudi: “The ladder is six feet tall.”

Namba za 21 hadi 99 zikiandikwa kwa maneno zinashikanishwa, isipokuwa makumi kamili: “forty-five”. Kwa hivyo oda yangu ilifaa kuwa “twenty two-litre bottles”. Njia safe zaidi ni kuchanganya neno na tarakimu: “twenty 2-litre bottles”. Hapo hakuna wa kuchanganyikiwa.

Ukifupisha kipimo, kistari hakihitajiki. Acha nafasi tu: “a 10 kg bag”.

Ploti nayo? Ukisema “The plot is 50 by 100 feet”, hakuna kistari. Lakini ni “a 50-by-100-foot plot”.

Futi na inchi zinakubali koma ama zikae bila: “five feet, six inches” na “five feet six inches” zote ziko sawa. Chagua moja na uishikilie hadi mwisho.

Koma ya maelfu ndiyo mtego kwa wasee wa kazi za mtandaoni. Huku 1,500 kg ni kilo elfu moja na mia tano. Ujerumani koma hufanya kazi ya nukta yetu, so mteja wa huko anaweza kusoma kilo moja na nusu. Ukiwa na shaka, andika 1500 bila koma.

Kabla utume oda, CV ama bei ya kazi, isome kama mtu hakujui. Akiweza kuielewa mara mbili tofauti, bado hujamaliza kuandika.