Mkongo Uko Barabarani, Ofisi Bado

Agosti 1914, habari kwamba Uingereza na Ujerumani ziko vitani zilikwisha zunguka dunia kwa waya, lakini ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, hakuwa na hakika nazo. Ikambidi awaandikie barua Waingereza wa Karonga kuwauliza kama kweli wanapigana. Leo tunacheka, ila jambo lenyewe lina sababu. Waya mkuu wa telegrafu wa pembe ile ulikuwa wa kampuni ya Cecil Rhodes, aliyetaka kuutandaza kutoka Cape hadi Cairo. Ulipanda kutoka Blantyre hadi Karonga, ukakata magharibi kuelekea Abercorn, ukaishia Ujiji. Milima ya Rungwe iliachwa kando. Tangu hapo historia ya waya katika wilaya hii imekuwa na tabia moja: mstari mkuu hupangwa kwa ajili ya safari za mbali, na kile kipande kifupi cha kumfikia mtu mezani pake hubaki bila mwenyewe. Hoja yangu ni kwamba mfanyabiashara wa Tukuyu anayelalamikia intaneti mara nyingi analalamikia kipande hicho, bila kujua kwamba ni chake.

Hana lawama kubwa, kwa sababu kwa miongo mingi hakutakiwa kukijua. Enzi za shirika la posta na simu la Afrika Mashariki, lililovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na hata chini ya shirika la Tanzania lililolirithi hadi 1994, mteja aliletewa jozi ya nyaya za shaba mpaka ukutani, akafungiwa simu moja, basi. Hakuna kilichomlazimisha mjenzi kuwaza nyaya zingepita wapi. Kompyuta nazo serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974. Mwaka mmoja kabla, huko California, Robert Metcalfe na wenzake wa Xerox walikuwa wameanza kubuni Ethernet, na kufikia 1991 Wamarekani walikuwa na kanuni za kutandaza nyaya ndani ya majengo ya biashara: kila meza na waya wake unaorudi kwenye chumba kimoja, mita 90 ukutani na nyingine 10 za kuunganishia vifaa. Kwetu ndiyo kwanza simu zilikuwa zikigawanywa kwa foleni. Tulipokuja kununua kompyuta, tulizinunua pamoja na nyumba ambazo hazikuwa na njia ya kuziunganisha.

Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa mwaka 2009, mwaka uleule mkongo wa baharini wa SEACOM ulipotia nanga Dar es Salaam, na awamu zake mbili za mwanzo zilifikisha kilomita 7,560. Ukanda wake wa kusini unashuka kutoka Mbeya kupita Tukuyu na Kyela hadi Kasumulu, kwa sababu Malawi haina bahari na inahitaji mlango. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba, kama alivyofanya Rhodes, waliochora ramani walikuwa wakitazama mbali kuliko Tukuyu, na mkongo kupita mbele ya duka si sawa na mkongo kuingia dukani.

Wapo watakaosema waya umepitwa na wakati, simu ya mkononi inatosha. Kwa duka la mtu mmoja, ni kweli, na anayemuuzia mwenye duka hilo mtandao wa nyaya anamwibia. Lakini ofisi ya watu kumi na watano inagombania mawimbi ya mnara mmoja na mji mzima, katika mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya masafa ya juu yanayounganisha minara kwa minara. Hata kile kisanduku cha Wi-Fi dukani hulishwa na waya, na kuta za tofali la kuchoma hukipunguzia nguvu chumba kwa chumba. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na Tanzania nzima ikayumba, wengine walidai hilo ndilo jibu: waya nao hukatika. Hukatika, ndiyo. Ila siku ile ofisi iliyotandazwa vizuri ingeendelea kutuma hesabu kutoka kaunta hadi stoo na kuchapa risiti, maana waya wa ndani hauombi ruhusa baharini.

Penye ugumu hasa ni kati ya jengo na jengo. Chukua kiwanda cha chai: mizani upande huu, ofisi ng'ambo ya uwanja, ghala nyuma. Fundi wa haraka hupitisha shaba hewani kufuata mabati. Kwanza umbali huvuka mita 100 na mawasiliano yanaanza kudondoka, pili, radi. Rungwe inazijua radi, na shaba ndefu iliyo wazi huzikaribisha hadi kwenye swichi, na kutoka swichi hadi kila kompyuta. Nyuzi za kioo hazipitishi umeme, kwa hiyo zinafaa hapo hata kama kasi yake haihitajiki, mradi isichaguliwe kebo yenye waya wa chuma ndani yake. Ni ghali, na fundi wa kuziunganisha huenda akatoka Mbeya, kilomita kama 70. Gharama hiyo ilinganishwe na vifaa vya ofisi nzima vinavyoungua alasiri moja ya Machi, si na bei ya shaba.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la mpangaji. Fremu nyingi za biashara ni za kukodi, na hakuna atakayetoboa ukuta wa mwenzake ili mwakani aondoke auache waya. Mpangaji anaweza kutumia mifereji ya plastiki juu ya ukuta na kuondoka nayo. Ila njia yenyewe ni kazi ya mwenye nyumba, na wakati wake ni kabla ya kupiga plasta, fundi umeme akiwa bado yupo: mabomba matupu kutoka kila chumba hadi kona moja kavu yenye mlango wa kufunga, mbali kidogo na nyaya za umeme, na bomba moja linalotoka nje kuelekea barabarani.