Toba ya Gahini

Neno toba lilitujia kutoka lugha ya Kiarabu, na maana yake ya asili ni kurudi. Mwenye kutubu ni kama msafiri aliyetambua kwamba njia aliyoishika yampeleka asikotaka. Basi husimama, hugeuka, akarudi. Kwa hiyo toba si kilio tu, maana mtu aweza kulia njiani huku akizidi kupotea. Wakristo tangu zamani wameiweka toba mwanzo wa safari ya roho, kwa kuwa katika Injili mahubiri ya Yohana Mbatizaji, na ya Yesu baada yake, yaanza kwa wito huo. Habari tutakayoisoma hapa ni ya watu wa Afrika Mashariki waliojaribu kuutii wito huo kwa dhati.

Gahini ni kilima kilichoko mashariki ya Rwanda, juu ya ziwa Muhazi. Palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana, na mwaka 1928 alifika hapo daktari kijana wa Kiingereza, Joe Church. Kazi ilimwelemea upesi. Njaa kubwa iliyoitwa Rwakayihura iliishambulia nchi mwaka 1928 na 1929, na watu wengi walikufa. Zaidi ya hayo, watumishi wa hospitali hawakupatana, na Wakristo walikuwa Wakristo wa jina. Mwezi wa Septemba 1929 daktari alikwenda Kampala amechoka mwili na roho. Huko alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa na kiu kama yake. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Yafaa tukumbuke zama zenyewe: ulikuwa wakati wa ukoloni, na Mzungu alizoea kumfundisha Mwafrika. Hawa wawili waliketi kama ndugu, kila mmoja akimhitaji mwenzake.

Baada ya hapo Yosiya Kinuka, mkuu wa watumishi Waafrika katika hospitali ya Gahini, alisafiri kwenda kwa Nsibambi. Nsibambi alimwuliza habari za hospitali. Kinuka akaeleza mabaya yote yaliyokuwako, akitaja makosa ya wengine. Nsibambi akamwonyesha kwamba chanzo cha mabaya yale kilikuwa ndani ya moyo wake mwenyewe. Neno hilo lilimchoma. Katika safari ya kurudi nyumbani alilitafakari sana, na akafika Gahini akiwa mtu mwingine. Hapo twaona sharti la kwanza la toba: mtu aache kuhesabu dhambi za jirani, aanze kuhesabu zake.

Moto ulioanza kwa watu wachache ulienea. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alifanya kazi Gahini kwa bidii hata kifo chake mwaka 1936. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa Gahini, watu walisimama mmoja mmoja wakaungama dhambi zao mbele ya wote. Uamsho ukaingia Uganda, ukafika Kabete katika Kenya mwaka 1937, na Tanganyika baadaye. Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookolewa. Wakikuyu wakawaita Ahonoki. Wenyewe waliitana ndugu.

Toba yao haikuishia mdomoni. Aliyeiba alirudisha mali. Mwenye deni alilipa. Mume alimwomba mkewe msamaha. Wamisheni Wazungu walikiri mbele ya Waafrika kiburi chao cha rangi. Wanafunzi, fikirini ni jambo gani zito kumwendea mtu uliyemdhulumu, naye hajui, ukamwambia: ni mimi. Wengi wetu twaweza kumkiri Mungu makosa yetu gizani, lakini kumkiri jirani mchana kwatushinda.

Walakini haifai kuwasifu kupita kiasi. Baadhi ya ndugu waliwahukumu wenzao kwa ukali, na wako walioona fahari katika unyenyekevu wao. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha wachungaji cha Mukono, Uganda, walifukuzwa baada ya mgogoro juu ya mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao. Viongozi waliwaona kuwa wakaidi. Wao walijiona watii. Pengine kila upande ulikuwa na sehemu ya haki na sehemu ya kosa.

Jaribio kubwa katika Kenya lilikuja serikali ilipotangaza hali ya hatari, Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau walidai ardhi na uhuru, na watu wengi walilishwa kiapo. Ndugu wengi wa Ukikuyuni walikikataa, wakisema kwamba waliokwisha kuinywa damu ya Kristo katika ushirika mtakatifu hawawezi kushika agano la damu nyingine. Lakini serikali ilipotaka kuwapa bunduki, wengi walizikataa pia, kwa kuwa hawakutaka kumwua mtu. Hivyo walichukiwa pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Msomaji aweza kuwaunga mkono au kuwalaumu. Lakini hawezi kusema kwamba toba yao ilikuwa ya maneno matupu.

Limebaki neno moja chungu. Mwaka 1994 Rwanda, nchi ile ile ulikoanzia uamsho, iliona mauaji ya kimbari, na wengi wa wauaji walikuwa watu waliobatizwa. Wengine waliuawa ndani ya makanisa. Je, toba ya Gahini ilikuwa bure? La. Lakini yatufunza kwamba toba hairithiwi kama shamba. Baba akitubu, mtoto hajatubu bado; mtu akitubu leo, kesho ana njia ya kuchagua tena. Ndiyo maana huitwa mwanzo wa safari. Aliyepita mlangoni akaketi kizingitini hajafika popote, na Kinuka asingalikumbukwa kama angaliishia kuchomwa moyo njiani, asirudi Gahini kuishi upya kati ya watu wale wale aliowalaumu.