Gesti za Chini ya Milima ya Vidunda

Milima ya Vidunda, iliyo kusini mwa Wilaya ya Kilosa na inayotenganishwa na Milima ya Udzungwa kwa bonde la Mto Ruaha Mkuu, ni makazi ya Wavidunda, mojawapo ya jamii za mashariki mwa Tanzania ambazo kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Chini ya milima hiyo, kwenye njia inayotoka Mikumi kupitia Kidodi na Kidatu hadi Mang'ula, hupita wasafiri wa shanta, yaani watalii wanaobeba mizigo yao mgongoni, kupanda mabasi ya kawaida na kulala mahali pa bei nafuu, wakielekea misitu ya mvua ya Udzungwa. Malazi yanayowapokea hayakuanzishwa kwa ajili yao, na jambo hilo ndilo linaloipa historia ya utalii wa eneo hili sura yake ya pekee.

Ukanda huu ulizoea wapita njia tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka mbuga za Makata, ambazo Henry Morton Stanley alizipitia kwa taabu wakati wa masika ya mwaka 1871, na wapagazi walilala katika makambi ya muda yaliyo karibu na maji na vijiji vya kuuza chakula. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, iliifanya Kilosa kuwa mji wa stesheni. Wakati Wajerumani wakiisukuma reli hiyo kuelekea bara, huko kwao mwalimu Richard Schirrmann alibuni, mwaka 1909, wazo la hosteli za vijana, ambamo wageni wasiojuana hulala chumba kimoja na kutumia jiko moja.

Hosteli ya namna hiyo haikupata mizizi chini ya Vidunda. Iliyostawi ni gesti, yaani nyumba ya kulala wageni yenye vyumba vidogo vinavyofungwa kwa kufuli, choo na bafu vya nje, chandarua, na kitabu ambacho mgeni huandika jina lake, atokako na aendako kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Wateja wake walitokana na kazi. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1960, kiliwavuta wakata miwa na wafanyabiashara. Bwawa la umeme la Kidatu, lililokamilika mwaka 1975, liliwaleta mafundi. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, iliifanya Mang'ula kuwa mojawapo ya kambi zake kuu za ujenzi. Mikumi nayo ilikua kwa barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, ambayo inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takribani kilometa 50, hata abiria wa basi asiyelipa kiingilio chochote huweza kuona twiga na tembo dirishani. Pengine hakuna safari ya wanyama iliyo rahisi kuliko hiyo.

Utalii wenyewe ulitazamwa kwa shaka katika miaka ya baada ya Azimio la Arusha, na mjadala uliozuka magazetini mwaka 1970 ulihoji kama hoteli za wageni zingeweza kupatana na ujamaa. Mzigo wa hoja hizo ulielekezwa kwenye hoteli kubwa za pwani na za mbugani, si kwenye gesti, ambayo mmiliki wake alikuwa mwenyeji na ambayo mtalii aliingia kwa mlango uleule wa utingo wa lori. Hata hivyo, sera zilizofuata, ikiwamo ile ya mwaka 1999, zilipendelea watalii wachache wanaotumia fedha nyingi, na msafiri wa shanta akabaki pembezoni mwa mipango.

Mabadiliko yaliyomfaa yalitoka msituni. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walimtambua nyani wa Sanje, ambaye sayansi haikuwa ikimjua, na mwaka 1992 Udzungwa ikawa hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,990. Kwa kuwa hutembelewa kwa miguu, hifadhi hiyo humfaa asiye na gari: mgeni hulala gesti ya Mang'ula, hula wali na maharage kwa mama ntilie, kisha hupanda pamoja na mwongozaji hadi maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake hushuka takribani meta 170. Viingilio vya hifadhi, ambavyo kwa mtalii wa kigeni huzidi kwa mbali gharama ya kitanda chake, ndivyo vinavyomfanya ahesabu siku zake, wakati katika chumba cha pili dereva wa lori la miwa analala kwa bei ileile.