KABLA YA KUTWEKA TANGA: Safari ya Kipini hadi Lamu na Elimu Tunayoiacha Ipotee



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, kila Ramadhani ikifika kumi la mwisho, vijana wa Garsen huanza kuulizana: Idd hii twende wapi? Jawabu huwa ni Lamu. Kisiwa kidogo, mji wa Kiislamu, msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh, jamaa zetu wako huko, na bahari iko pande zote. Kwa kawaida twapanda basi, twapita Witu, twafika Mokowe, kisha twavuka kwa boti.

Ramadhani ya 2024 mmoja wetu akasema, kwani lazima basi? Babu zetu walikuwa wakienda kwa mashua kutoka Kipini. Na sisi twende hivyo hivyo, likizo ya Aprili, baada ya Idd. Wazo likatupendeza sote. Tukachanga pesa kidogo, tukaenda Kipini kumtafuta mzee mmoja aliyekuwa nahodha atuelekeze.

Mzee akatukaribisha vizuri, kisha akauliza: "Mwataka kusafiri mwezi ngapi?"

Tukajibu, "Aprili, babu. Mwisho mwisho."

Akacheka. "Sikuuliza mwezi wa ofisini, wanangu. Nauliza mwezi wa juu. Utakuwa wa ngapi? Na upepo utakuwa gani? Na mto utakuwa vipi?"

Tulikuwa watu saba, wengine wa chuo kikuu, na wote tumehitimu madrasa. Hakuna hata mmoja aliyejibu swali moja kati ya yale matatu. Tulirudi Garsen tumenyamaza. Makala haya ni matokeo ya aibu ile.

PWANI YETU ILIKUWA MLANGO

Wengi wetu twadhani Tana River ni nchi ya mto na ng'ombe, na bahari ni ya watu wa Lamu na Mombasa. Historia yakataa. Karibu na Kipini kuna magofu ya Ungwana, mji wa Waislamu uliokuwa na msikiti wake wa Ijumaa, nyumba za mawe na makaburi yaliyojengwa kwa ustadi. Mtaalamu James Kirkman aliuchimba miaka ya 1950. Watu waliishi pale karne nyingi mpaka mji ulipohamwa mnamo karne ya 17. Ghuba iliyo mbele yake bado yaitwa Ghuba ya Ungwana. Masimulizi ya Fumo Liyongo nayo yauhusisha upande huu wetu wa Ozi na Shaka, na kaburi linalosemwa kuwa ni lake liko Kipini.

Na je, wajua kwamba mdomo wa mto Tana haukuwa pale ulipo leo? Zamani Tana ilimwaga maji yake mbali zaidi upande wa kusini-magharibi. Mto uliotoka Kipini ulikuwa Ozi. Karne ya 19 ukachimbwa kwa mikono mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hiyo miwili, ili mitumbwi ya mpunga na pembe za ndovu ipite kutoka Tana hadi Kau, kisha Kipini, na huko shehena ipakiwe kwenye mashua za kwenda Lamu. Mfereji ulikuwa mwembamba, lakini Tana yenyewe ikaufuata na kuupanua, na mwishoni mwa karne ile mto mzima ukawa watoka Kipini. Fikiria, ndugu yangu: safari ya mpunga wa kwenda kisiwani iliuhamisha mto mrefu kuliko yote Kenya!

KALENDA MBILI

Sasa turudi kwa maswali ya mzee. Kwa nini aliuliza mwezi wa juu?

Kwa sababu maji ya bahari yafuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kwetu tofauti yake yaweza kupita mita 3. Siku za robo ya mwezi huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Katika pwani yetu, siku za mwanzo za mwezi maji hujaa baina ya saa 10 na saa 12 alfajiri, kisha tena jioni, na kila siku yachelewa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo mtu anayejua leo ni mwezi ngapi ajua pia, bila saa wala simu, maji yatajaa wakati gani. Mwezi ule ule tunaoutafuta juu ya mapaa kwa ajili ya saumu, baharia aliutazama pia kwa ajili ya maji.

Lakini upepo haufuati mwezi, wafuata jua. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili, hupata nguvu Juni na Julai, na hupungua Septemba. Baina yake huja matlai na pepo nyepesi. Ramadhani yetu, kwa kuwa ni ya mwezi, hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua, na kuzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Mwaka 2010 ilianza Agosti, wakati wa kusi. Mwaka 2024 ilianza Machi, kaskazi ikiishia. Basi baharia akisema "nitasafiri Mfunguo Mosi", amejua maji tu, hajajua upepo.

Wazee wetu walilitatua jambo hili kwa kuwa na kalenda ya pili. Walihesabu siku 365 tangu Nairuzi, siku ya mwaka wa jua, na kuzigawa kumi kumi. Kila kumi ni mwongo. Nahodha alijua mwongo gani kaskazi yafunga, mwongo gani bahari yachafuka, mwongo gani vyombo vipandishwe pwani. Mabaharia wa Oman na Ghuba walitumia hesabu hiyo hiyo ya Nairuzi. Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia aliyeandika Kitab al-Fawa'id mnamo karne ya 15, alipanga tarehe za kuondoka bandarini kwa siku za Nairuzi.

ALIYENGOJA NA ASIYENGOJA

Hapa nataka nisahihishe jambo ambalo wengi wetu tulilisikia madrasa kwa fahari: ati ni Ibn Majid aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India. Wanahistoria wengi leo hawaikubali habari hiyo. Mwandishi aliyeileta aliishi miongo mingi baadaye, na Wareno waliokuwa ndani ya meli walisema rubani wao alikuwa mtu wa Gujarati. Tusijivunie jambo lisilo na ushahidi, hasa sisi ambao dini yetu yatuamrisha kuhakikisha habari.

Lakini safari yenyewe ina somo kubwa. Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, mwanzo wa kusi, akiwa na rubani anayejua. Alifika pwani ya Calicut baada ya wiki nne hivi kasoro siku chache. Wakati wa kurudi hakungoja. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijasimama. Safari ile ile ya bahari ikamchukua karibu miezi 3! Watu wake wapatao 30 wakafa kwa maradhi ya kukosa chakula kibichi. Walipofika pwani yetu Januari 1499, mabaharia waliobaki hawakutosha meli zote, ikabidi waichome moja moto.

Ni bahari ile ile na ni nahodha yule yule. Kwenda alishika elimu ya watu wa bahari, kurudi alishika haraka yake. Na kaskazi aliyokataa kuingoja ilikuwa wiki chache tu mbele.

KISIWA CHA KWANZA

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba tahadhari ni woga au upungufu wa tawakkul. Tazama Sahaba walivyofanya. Muawiya (R.A.) alipokuwa gavana wa Sham aliomba ruhusa ya kupeleka jeshi kwa bahari hadi kisiwa cha Kupro, ambacho Waarabu wakiita Qubrus. Sayyidna Umar (R.A.) aliuliza kwanza bahari ikoje, akaelezwa ukubwa wake na udogo wa binadamu juu yake, akakataa. Hakutaka kuwahatarisha Waislamu kwa jambo wasilolijua. Sayyidna Uthman (R.A.) ndiye aliyeruhusu baadaye, kwa sharti kwamba asilazimishwe mtu yeyote: aende anayetaka mwenyewe. Safari ikafanyika mwaka 28 Hijria.

Ndani yake alikuwemo mama, Umm Haram bint Milhan (R.A.). Mtume (S.A.W.) alikuwa amelala nyumbani kwake Madina, akaamka akitabasamu, akamweleza kuwa ameonyeshwa watu katika umma wake wakipanda bahari. Umm Haram akamwomba amwombee awe mmoja wao. Miaka mingi ikapita mpaka ahadi ikatimia. Alifika kisiwani salama na mumewe Ubada ibn as-Samit (R.A.), na huko nchi kavu akaanguka kutoka kwenye mnyama aliyempanda, akafariki. Kaburi lake liko karibu na Larnaca hadi leo.

Waona? Umar alizuia mpaka jambo lijulikane, Uthman akaruhusu kwa sharti, na yule mama akangoja miaka. Hata Mtume (S.A.W.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee.

HEBU TUPANGE SAFARI

Sasa hebu tujibu maswali ya mzee. Kutoka Kipini hadi Lamu ni kiasi cha kilomita 50 za bahari, kuelekea mashariki na kaskazini. Wakati wa kaskazi upepo uko usoni: lazima mubishe, yaani muende upande upande dhidi ya upepo, na siku moja yaweza kuwa mbili. Kusi kali ya Juni na Julai itawasukuma, lakini bahari huwa chafu, na mdomo wa mto huumuka mawimbi juu ya mafungu ya mchanga. Wakati mzuri ni pepo nyepesi za matlai.

Siku nayo huchaguliwa kwa mwezi. Mdomo wa Kipini hauvukwi wakati maji yapwa kwa nguvu, kwa sababu mkondo wa mto na maji yanayotoka hukutana na mawimbi yanayoingia, na hapo ndipo chombo hupinduka. Huvukwa maji yakiwa yamejaa na kutulia. Ikiwa maji yatajaa karibu na macheo, mwasali alfajiri, mwaondoka na umande, ule upepo wa asubuhi utokao barani, mkiwa na mchana mzima mbele yenu.

La tatu ni mto. Mvua ya mwaka ikinyesha huko juu milimani, Tana hufurika huku kwetu hata kama Garsen ni kukavu. Huu ndio ulikuwa wasiwasi wa mzee siku ile. Alitukatalia waziwazi: "Aprili hii mto utashuka. Mimi siwapeleki, na atakayekubali kuwapeleka, msimpande."

Tulinung'unika, tukaahirisha. Siku za mwisho za Aprili 2024, zile zile tulizozichagua, Tana ilikuwa imefurika vibaya. Tarehe 28, eneo la Kona karibu na Madogo, mashua iliyokuwa ikivusha watu mahali barabara ilipokatwa na mafuriko ilizama, na watu wakafa. Wale hawakuwa matembezini kama sisi. Walivuka kwa dhiki ya safari. Allah awarehemu. Lakini tulipozisikia habari zile, kila mmoja wetu alijua angekuwa wapi siku hiyo.

TUFANYE NINI?

Mwaka 1890 wanajeshi wa Uingereza walishuka Kipini kwa meli zao kwenda kuichoma Witu. Meli za moshi hazikungoja kaskazi wala kusi, na kidogo kidogo na sisi tukaona hakuna haja ya kujua. Kisha ikaja injini ya boti, barabara ya lami, na simu. Hizo zote ni neema. Tabiri za hewa tuzisome, jaketi za kuelea tuzivae, na aliyebaki nyumbani ajue tumeondoka saa ngapi. Lakini injini huzimika na simu huisha chaji. Allah (S.W.) ametutajia katika Surat Al-An'am, aya ya 97, kwamba nyota ni za kutuongoza katika giza la bara na bahari. Twaisoma aya hiyo kwa tajwidi nzuri sana, na wangapi wetu waweza kuionyesha nyota moja kwa jina?

Ombi langu kwako ni dogo. Ramadhani hii, baada ya Tarawehe, badala ya kukaa barazani na simu, mtafute mzee mmoja: baba, babu au jirani aliyefanya kazi ya bahari au mto. Chukua daftari. Muulize majina ya miongo, ya pepo, ya mafungu ya mchanga, ya nyota. Andika kama anavyotamka. Wazee hawa wapungua kila mwaka, na kila mmoja azikwa na kitabu ambacho hakikuandikwa.

Safari yetu ya Lamu bado ipo inshaAllah. Mzee amekubali kutupeleka, kwa sharti moja: siku ya kuondoka tuichague sisi wenyewe, tumpelekee hesabu, yeye aisahihishe. Mara ya kwanza tulikosea. Mara ya pili alitikisa kichwa tena, ila safari hii alikuwa akitabasamu.

Allah atutakabalie saumu zetu, awalinde wasafiri wote wa bara na bahari, na awape wazee wetu umri wenye afya. Amin.

Ramadhan Mubarak. Wabillahi tawfiq.