Mhasibu Mkuu Aliyefundisha Kutulia

Sisi tuliozeekea kwenye vitabu vya hesabu tuna sababu ya kumheshimu U Ba Khin. Burma ilipopata uhuru tarehe 4 Januari 1948, yeye ndiye aliyeteuliwa kuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali. Ofisini mwake, palipojaa mafaili na hoja za ukaguzi, aliwafundisha wafanyakazi kukaa kimya na kufuata pumzi zao.

Zamani kazi hiyo ilikuwa hasa ya watawa. Kilichoitoa monasterini ni vita. Mwaka 1885 Waingereza waliiteka Mandalay, wakampeleka Mfalme Thibaw uhamishoni India, na dini ya Budha ikabaki bila mlinzi. Mtawa Ledi Sayadaw akaona ikabidhiwe kwa wananchi wenyewe: aliandika kwa Kiburma chepesi, akazunguka akifundisha watu wa kawaida. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Saya Thetgyi, mkulima aliyefiwa na wanawe kwa kipindupindu. Huyo ndiye aliyemfundisha U Ba Khin mwaka 1937.

Njia yenyewe ni hii: unafumba macho, unaangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Huivuti kwa nguvu wala huipangii mwendo. Akili ikitoroka, unairudisha bila kujilaumu. Ikishatulia, unaupitia mwili mzima, utosini hadi nyayoni, ukiyatazama maumivu yanavyokuja na kuondoka. Huyakimbii, wala raha huing'ang'anii. Mimi hukaa hivyo tukishafunga hesabu za mwezi, na mabega hulegea yenyewe.

Mwaka 1955 U Ba Khin alijiwa na S. N. Goenka, mfanyabiashara Mhindu mzaliwa wa Mandalay, aliyeteswa na kipandauso hadi kudungwa mofini. Madaktari wa nchi za mbali walikuwa wameshindwa. Mwanzoni U Ba Khin alimkataa, kwa kuwa Goenka alifuata tiba ya kichwa tu; akamweleza kwamba pale husafishwa akili, na nafuu ya mwili hufuata baadaye. Alifanya vyema kumkataa. Anayekaa huku akiivizia nafuu hajapumzika; bado yuko kazini.

Goenka alirudi kwa nia nyingine, akapona, akakaa na mwalimu wake miaka 14. Mwaka 1969 aliipeleka njia hiyo India, na kutoka huko ikaenea duniani. Kozi zake za siku kumi hazitozwi ada hadi leo. Huendeshwa kwa michango ya waliokwisha kuzimaliza.