Plamu na Zambarau

Mhusika anayempenda mtu wa jinsia yake aliingia katika riwaya ya Kiafrika ya baada ya uhuru akiwa mtu wa kuja. Waandishi walimtazama kutoka nje, na umbali huo unajulikana kwa kuangalia jambo moja la kiufundi: ni nani aliyepewa kazi ya kusimulia.

Katika The Interpreters ya Wole Soyinka (1965), Joe Golder ni Mmarekani mweusi anayefundisha historia katika chuo kikuu nchini Nigeria, na anateseka kwa kuwa ngozi yake si nyeusi kama anavyotamani. Ni mwimbaji pia, na upweke wake unamgusa msomaji. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa Golder anaonekana kwa macho ya wengine, hasa mwandishi wa habari Sagoe, ambaye anakereka akiwa karibu naye. Kijana Noah anapoanguka kutoka ghorofani kwa Golder na kufa, mapenzi ya mtu huyo yanabaki yamefungamana na msiba.

Ama Ata Aidoo, mwandishi wa Ghana, alikwenda mbali zaidi katika Our Sister Killjoy (1977). Sissie, msichana wa Kighana aliye Ujerumani, anazoeana na Marija, mke ambaye mumewe hushinda kiwandani. Marija humpa matunda ya bustanini, plamu zilizoiva ambazo Sissie hakuwahi kuzionja kwao. Sissie mwenyewe hujiwazia mambo yangekuwaje lau angekuwa mwanamume. Usiku mmoja Marija anamgusa na kumbusu. Sissie anampiga, na Marija anatokwa na machozi. Wengi hukumbuka pigo hilo tu. Lakini papo hapo Sissie anakumbuka shule ya bweni nyumbani, wasichana waliolala kitanda kimoja na karipio walilopata. Kwa kumbukumbu hiyo fupi Aidoo anaondoa kinga ya kudai kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao, na hapo ndipo penye ujasiri wa kitabu chake.

Mwaka 1989 mhakiki Chris Dunton alichapisha makala iliyochunguza kazi za namna hii, akaonyesha jinsi mapenzi ya jinsia moja yalivyochorwa mara kwa mara kama uovu ulioletwa na wageni. Hata Zanzibar ya Abdulrazak Gurnah, katika By the Sea (2001), inamleta Hussein, mfanyabiashara Mwajemi aliyefika na msimu wa biashara, akakaribishwa katika nyumba ya watu na kumtongoza Hassan, kijana wa nyumba hiyo. Anayesimulia ni Latif, mdogo wake Hassan. Hassan mwenyewe hapewi nafasi ya kusema.

Monica Arac de Nyeko wa Uganda aligeuza mambo katika hadithi fupi "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hakuna mgeni hapa. Anyango na Sanyu wamekulia katika nyumba za Nakawa, Kampala, na jirani, Mama Atim, ndiye anayewakuta chini ya mzambarau, jambula wa kichwa cha hadithi. Sanyu anapelekwa London. Anyango anabaki, anakuwa muuguzi, na ndiye msimulizi. Anasema "mimi" na kumwita mwenzake "wewe", kama mtu anayeandika barua. Umbeya wa mtaa, ambao kwa waandishi waliotangulia ungekuwa jicho la msomaji, sasa unasikika kutoka upande wa anayesengenywa.

Wanuri Kahiu aliichukua hadithi hiyo akaihamishia Nairobi katika filamu yake Rafiki (2018), iliyoonyeshwa Cannes. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku 7, na watazamaji wakajaa kumbini. Anyango wa hadithini ni mtu wa kusubiri. Katika filamu, Kena, aliyechukua nafasi ya Anyango, anasikia mpenzi wake Ziki amerudi, anakwenda mlimani peke yake, na mkono unamgusa begani.